Ulezi kwa Lugha ya Kuazima: Mwanagenzi wa Fasihi ya Kiswahili na Fomu za Maombi za Kimataifa

Kila mwaka, msimu wa maombi unapowadia, wanafunzi wa uzamili huonekana wakitoka mlango wa mhadhiri mmoja hadi wa mwingine wakitafuta barua za pendekezo. Wale wanaotunga hadithi, tamthilia na mashairi wamesikia kwamba ng'ambo kuna programu zinazomkutanisha msanii chipukizi na msanii mkomavu kwa miezi kadhaa, ili mkubwa amlee mdogo katika kazi yake. Fomu zenyewe hazitofautiani sana: wasifu, maelezo ya mwombaji kuhusu sanaa yake, mradi anaokusudia kuutekeleza, sampuli ya kazi, na majina ya watu wawili wanaomfahamu. Kisha, katika nyingi ya programu zinazotangazwa Afrika Mashariki, huja sharti ambalo husomwa mwisho: maombi yote yawe kwa Kiingereza, na kazi iliyoandikwa kwa lugha nyingine iambatanishwe na tafsiri. Mhadhiri wa Kiswahili hulisoma sharti hilo, akatia sahihi, akamtakia mwanafunzi kila la heri. Sahihi hiyo ndiyo inayohojiwa hapa.

Makala haya yanashikilia kwamba ulezi wa mtunzi ni kazi inayofanyika ndani ya lugha ya utungo wenyewe. Programu inayomlea mtunzi wa Kiswahili kupitia tafsiri humlea mtu mwingine kabisa, yaani yule mwandishi wa Kiingereza ambaye mwombaji amelazimika kumzua ili apokelewe. Haidaiwi kwamba watunzi wasiombe. Wala haidaiwi kwamba kila kitokacho ng'ambo ni sumu. Madai ya aina hiyo yamekwisha kuchosha, na aghalabu hutolewa na watu ambao wao wenyewe walisomeshwa huko huko. Linalodaiwa ni kwamba idara za Kiswahili zimeridhia, bila ubishi wowote, jambo ambalo haziwezi kuliridhia penginepo. Laiti mtahini wa nje asiyejua Kiswahili angeteuliwa kuipima tasnifu ya Kiswahili kwa kusoma muhtasari wake wa Kiingereza, pangezuka zogo katika bodi ya kitivo. Lakini mtu huyo huyo akiitwa mlezi, na kazi yenyewe ikiitwa ubunifu, hakuna anayeinua mkono.

Pengine sababu ni kwamba wengi hawajajiuliza mlezi hufanya nini hasa. Hudhaniwa kwamba kazi yake ni kutoa nasaha za jumla: mtunzi asome kwa bidii, aandike kila siku, asikate tamaa. Nasaha hizo anaweza kuzitoa mjomba yeyote. Mlezi wa kweli huketi na mswada. Huuliza kwa nini sentensi hii imeanza na kitenzi, kwa nini hapa pametumika 'alikuwa akienda' badala ya 'alienda', kwa nini kina cha kati kimelegea katika ubeti wa saba.

Na uchukuliwe mfano mdogo. Mtunzi wa hadithi fupi anamwingiza mhusika wake, chifu mstaafu, kama mtu wa kawaida: mtu huyu alikuja, aliketi, alisema. Kadiri ubabe wake unavyofichuka, upatanisho wa kisarufi unageuka. Sasa ni jitu, limeketi, limenguruma. Mwishoni, baada ya kushindwa na wajukuu wake mwenyewe katika kesi ya shamba, amekuwa kijitu kilichoketi pembeni kikinung'unika. Hakuna kivumishi hata kimoja kilichoongezwa. Hukumu yote ya msimulizi imo katika viambishi, na msomaji wa Kiswahili huipokea bila kuambiwa. Katika tafsiri ya Kiingereza viambishi hivyo havina pa kukaa. Mtafsiri, ambaye mara nyingi ni mwombaji mwenyewe akikesha usiku wa mwisho kabla ya tarehe ya kufunga maombi, hana budi kuongeza maneno ya sifa ili mabadiliko yaonekane. Naye mlezi aliyeko London, akisoma kwa uaminifu na kwa ujuzi wake wote, atashauri kwamba sifa hizo zipunguzwe kwa sababu zinamsukuma msomaji kupita kiasi. Ushauri huo ni sahihi kabisa kwa matini aliyoisoma. Kwa hadithi iliyotungwa hauna kazi yoyote, na mtunzi akiufuata ataikwangua hadithi yake pale ilipokuwa imara zaidi.

Kwa ushairi wa mapokeo hali ni mbaya zaidi kiasi kwamba haihitaji maelezo marefu. Tarbia ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, ikishavuliwa vina na kuandikwa kama nathari ya Kiingereza, hubaki mawaidha. Ni muujiza kwamba wapo washairi waliopokelewa kwa njia hiyo.

Lakini ulezi wa watunzi haukuletwa Afrika Mashariki na fomu. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Lamu, alifunzwa ushairi na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi. Kutokana na malezi hayo alikuja kutunga *Sambo ya Kiwandeo* (1979) na *Umbuji wa Kiwandeo* (1985), tungo ambazo huhifadhi msamiati wa ujenzi wa vyombo na wa ufundi mwingine wa pwani, msamiati ambao haungepatikana katika kamusi yoyote ya wakati huo. Naye alipokuwa mtu mzima akageuka mlezi. Ni wasomi wengi, wenyeji na wageni, waliopitia kwake Mombasa kabla ya kuandika tasnifu zao. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alilelewa katika nyumba ya watunzi. Kaka yake ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake *Malenga wa Mvita* (1971) ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Abdilatif alipofungwa mwaka 1969 kwa ajili ya kijitabu cha kisiasa, *Kenya: Twendapi?*, hakuwa na kitabu cha rejea wala mshauri. Alikuwa na bahari za ushairi alizozibeba kichwani, na kwa hizo akatunga *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa mwaka 1973. Anayetaka kujua malezi ya kisanaa huzaa nini na aanzie hapo.

Zaidi ya hayo, ushairi wa Kiswahili una umbo ambalo ni ulezi wenyewe uliogeuzwa kuwa utungo. Katika takhmisa, mtunzi wa baadaye huchukua mishororo ya mtangulizi wake, akaitangulizia mishororo yake mipya hadi ubeti ukatimia mishororo mitano. Hana ruhusa ya kubadilisha neno la mtangulizi. Sharti amwelewe hadi pumzi yake, kisha aseme lake kwa namna ambayo maneno ya wote wawili yatasomeka kama utungo mmoja. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyoyafanyia mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Mlezi alikuwa amekufa zamani. Ulezi ukaendelea kwa sababu lugha ilikuwa moja.

Yapo hata matukio ambapo aliyevuka bahari ndiye aliyekuwa mwanagenzi. Katika miaka ya 1930 Ernst Dammann, mtaalamu wa Kijerumani, alikwenda Lamu akafanya kazi na Muhamadi Kijumwa, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao. Wataalamu wengine wa Ulaya, kina Alice Werner na William Hichens, walitegemea miswada aliyowaandikia. Hakuna kati yao aliyemtaka Kijumwa atafsiri kazi yake kwanza ili ijulikane kama anastahili kusikilizwa. Walijifunza Kiswahili, na hati za Kiarabu zilizokiandika, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine.

Haya yasichukuliwe kuwa wito wa kurudi barazani. Wapo wahakiki wanaoisifu baraza ya pwani kana kwamba ilikuwa wazi kwa kila mtu. Haikuwa hivyo. Ulezi ule ulipita kwa damu, kwa mtaa na kwa madhehebu. Binti wa Bungoma au kijana wa Kitui anayeandika riwaya ya Kiswahili leo hana bibi wa kumfunza vina, na hata angekuwa naye, bibi huyo asingemsaidia kupanga sura thelathini za nathari. Riwaya, tamthilia ya jukwaani na hadithi fupi hazikupata mfumo wa ulezi uliowahi kulingana na ule wa utenzi. Kwa hivyo njaa inayowapeleka wanafunzi kwenye fomu ni njaa ya haki. Fomu inaahidi msomaji makini, muda wa kuandika, na mara nyingi posho. Mhadhiri anayewacheka kwa kuhangaikia mambo hayo na aseme yeye amewapa nini.

Katika hali hiyo ndipo *Crossing Borders* ilipopata nafasi yake. Mpango huo uliendeshwa na British Council pamoja na Chuo Kikuu cha Lancaster kuanzia mwaka 2001 hadi 2006. Waandishi chipukizi wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, waliunganishwa kwa barua pepe na waandishi waliokuwa Uingereza, wakawa wanatumiana kazi na maoni. Mpango ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza, na ulijitangaza hivyo. Katika hilo haukumdanganya mtu. Waliopitia humo walinufaika, na baadhi yao leo ni majina yanayojulikana. Lakini athari yake kwa Kiswahili haijapimwa na mhakiki yeyote kwa uzito inaostahili. Kwa miaka mitano mlango uliokuwa wazi zaidi kwa kijana wa Kenya aliyetaka kusomwa na mwandishi mzoefu ulikuwa mlango wa Kiingereza. Kijana mwenye lugha mbili, na vijana wengi wa Kenya wana lugha tatu, aliamua kwa busara kuandika kwa ile yenye msomaji. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo linalolifanya jambo lenyewe liwe gumu kulipinga.

Hapo ndipo watetezi wa mfumo uliopo huleta hoja yao kuu, kwamba ufundi hauna lugha. Msuko ni msuko, husema; nafsi ya usimulizi ni nafsi ya usimulizi; mwandishi aliyebobea anaweza kuona udhaifu wa muundo hata kupitia tafsiri hafifu. Hoja hii ina chembe ya ukweli na isipuuzwe. Ni kweli kwamba mlezi mgeni anaweza kugundua kuwa sura ya tatu imechelewa, au kwamba mhusika fulani hana dhamira inayomsukuma. Lakini yafaa ieleweke hayo ni kiasi gani cha utunzi. Anayeamini kwamba fasihi ni msuko uliovishwa maneno atatosheka na ulezi wa namna hiyo, na wala hapana haja ya idara za lugha. Somo la mantiki lingetosha.

Zaidi ya yote, wenye programu wenyewe hawaiamini hoja hiyo. Ushahidi umo katika mpango wa kampuni ya saa ya Rolex ulioanza mwaka 2002, ambao ni miongoni mwa ile inayojulikana zaidi duniani. (Katika mpango huo msanii haombi kwa hiari yake. Majopo ya uteuzi humtaja, ndipo akaalikwa kuwasilisha maombi. Kwa hiyo hata fomu yenyewe ina kizingiti chake.) Ukitazamwa upande wake wa fasihi, utaratibu wa lugha unadhihirika. Mario Vargas Llosa wa Peru alimlea Antonio García Ángel wa Kolombia, wote wawili wakiandika Kihispania. Tahar Ben Jelloun wa Moroko alimlea Edem Awumey wa Togo, wote wawili wakiandika Kifaransa. Mia Couto wa Msumbiji alimlea Julián Fuks wa Brazili, wote wawili wakiandika Kireno. Bernardine Evaristo wa Uingereza alimlea Ayesha Harruna Attah wa Ghana, kwa Kiingereza. Pale ambapo lugha zilitofautiana, kama kwa Hans Magnus Enzensberger, mshairi wa Ujerumani, na Tracy K. Smith, mshairi wa Marekani, mkubwa ndiye aliyeijua lugha ya mdogo. Hakuna aliyemwambia Fuks atafsiri riwaya zake kwa Kiingereza na kumtafutia mlezi wa Chicago kwa hoja kwamba ufundi hauna lugha. Basi lugha ina uzito kwa Kireno, ina uzito kwa Kihispania, lakini ikifika zamu ya Kiswahili inageuka kuwa vazi la kuvuliwa mlangoni.

Watasema, Kireno kina waandishi wakubwa wa kutosha kuwa walezi. Na Kiswahili je? Swali hilo huulizwa kwa sauti ya upole, lakini limebeba matusi. Said Ahmed Mohamed amechapisha riwaya, tamthilia na mashairi tangu miaka ya 1970, na kwa miaka mingi alifundisha Bayreuth, katikati ya Ulaya, ambako programu yoyote ingeweza kumfikia kwa barua moja. Kyallo Wadi Wamitila na Mohamed Khelef Ghassany wapo. Kuanzia mwaka 2014 tuzo iliyoanzishwa kwa jina la Mabati-Cornell, na ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, imepokea miswada ya Kiswahili isiyochapishwa na kuipima kwa Kiswahili, ilhali mmoja wa waasisi wake ni chuo kikuu cha Marekani. Waamuzi walipatikana. Kwa hakika tuzo si ulezi: humtuza aliyekwisha kumaliza, na hukaa kimya kwa aliyekwama katikati ya sura ya tano. Hata hivyo imebomoa kisingizio kwamba hakuna wa kuisoma miswada hiyo.

Wengine hutaja waandishi wa Kiswahili waliokwenda ng'ambo wakarudi wamekomaa. Ni kweli: Euphrase Kezilahabi alipata shahada yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, kisha zikaja *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), riwaya ambazo haziwezi kueleweka bila falsafa aliyoisoma huko. Ebrahim Hussein alisoma Berlin. Lakini mifano hii inawapinga wanaoitaja. Kezilahabi alikwenda akiwa amekwisha kuchapisha *Rosa Mistika* (1971) na *Kichomi* (1974), na alikwenda kuchukua mawazo, akayafanyia kazi kwa Kiswahili, mbele ya wasomaji waliokuwa wamemzoea na hata kumlaumu. Hakupeleka sentensi zake zikanyooshwe na asiyezisoma. Tofauti hiyo ndiyo inayofutwa leo pale programu ya miezi sita inapolinganishwa na safari ya mwanafalsafa.

Lipo pia jambo la kuaibisha linalopaswa kutajwa. Kamati ya Lugha iliyoundwa na serikali za kikoloni mwaka 1930 ilikuwa na makosa mengi. Ilikata, ilinyoosha, ililazimisha Kiunguja kiwe kipimo na kuwaudhi washairi wa Mvita na Amu ambao hadi leo warithi wao hawajasahau. Mswada ulipofika mezani pake, hata hivyo, ulisomwa kwa Kiswahili. Mkoloni alijitwalia mamlaka ya kuhariri, lakini alijifunza lugha aliyokuwa akiihariri. Mlezi wa siku hizi amesamehewa hata adha hiyo, na waliomsamehe ni wenye lugha.

Na fomu ina madhara hata kwa yule ambaye hatachaguliwa. Sehemu ya maelezo kuhusu sanaa humtaka mwombaji ajieleze kwa maneno mia chache. Mwandishi wa Kiingereza huyatumia yote kueleza anachokitafuta katika kazi yake. Mwandishi wa Kiswahili hutumia nusu yake kueleza ngonjera ni nini, utenzi ni nini, na kwa nini mhusika wake anaitwa Mwanaidi. Taratibu anajifunza sauti ya mwongoza watalii: hii hapa ni desturi yetu, ile pale ni methali yetu. Sauti hiyo ikishazoeleka haibaki katika fomu. Inaingia katika hadithi, nazo hadithi zinaanza kufafanua ugali kwa watu wanaoula kila jioni. Wahakiki wanaolalamika kwamba nathari ya vijana imejaa ufafanuzi usiohitajika wangefanya vyema kuchunguza ni mara ngapi vijana hao wametakiwa kujifafanua.

Idara zina uwezo kuliko zinavyokiri. Barua ya pendekezo ni hati ya kitaaluma, na anayeitoa ana haki ya kuweka sharti. Anaweza kuandika kwamba kazi ya mwombaji ni ya Kiswahili, kwamba tafsiri iliyoambatanishwa ni ya kusaidia tu, na kwamba idara iko tayari kutaja wasomaji wa Kiswahili watakaoshirikiana na mlezi. Idara tatu au nne zikiandika hivyo kwa mfululizo, waratibu wa programu watalazimika kujibu. Huenda jibu likawa la kukataa. Huenda baadhi ya wanafunzi wakakosa nafasi ambazo wangezipata kwa kunyamaza, na hiyo ni gharama ya kweli inayobebwa na mtu mwenye umri wa miaka ishirini na mitano, si na mhadhiri mwenye ajira ya kudumu. Kwa sababu hiyo hakuna idara yenye haki ya kuweka sharti hilo kabla ya kuamua itamfanyia nini mwanafunzi aliyekataliwa.

Hapo ndipo mambo hukwama. Mitaala mingi ya Kiswahili huipa nadharia nafasi pana na kuubanza utunzi katika kona. Mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa ameichambua *Kinjeketile* kwa mitazamo minne bila kuwahi kuandika onyesho moja likasomwa mbele yake na kukosolewa. Akileta mswada wake, huambiwa apeleke kwa mchapishaji; mchapishaji humuuliza kama unaweza kuwa kitabu cha kiada; na baada ya hapo anarudi kuomba barua ya pendekezo. Amekwisha kuandika kurasa mia mbili kwa Kiswahili. Zinahitaji mtu wa kuzisoma na kalamu mkononi kabla muhula haujaisha, na katika idara nyingi mtu huyo yuko ofisini, analipwa mshahara tayari, na sasa hivi anaandika barua hiyo kwa Kiingereza.